Chumba Nilichomwombea Mama Mkwe

Mnakumbuka nilipokuwa nimesimama. Sebuleni kwa wakwe watarajiwa, kifua mbele, nikisema uongo kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari.

Kwa aliyechelewa, nafupisha. Nilipeleka posa. Mama wa binti akanipenda. Baba mdogo wa binti, ambaye ni mdogo wake marehemu baba yake, na ni mkaguzi wa shule aliyestaafu, hakunipenda hata kidogo. Akaniuliza, "Kazi yako ni nini hasa?"

Mimi ni karani wa nafasi katika hoteli ya mapumziko, tena niko kwenye miezi mitatu ya majaribio. Lakini mbele ya watu wazima, na mchumba wangu ananiangalia, ulimi ulikataa kujishusha. Nikajibu, "Mimi ndiye ninayepanga nani alale wapi."

Mkaguzi akavua miwani, akaifuta taratibu. "Vizuri. Basi mimi na shemeji yangu tutakuja kulala huko siku mbili, tukaone mipango yako. Jibu la posa tutakupa hukohuko."

Leo naungama kilichofuata. Mwenye kucheka acheke, lakini anisubiri nimalize.

Kwanza muielewe kazi yenyewe. Karani wa nafasi hapangi chochote. Anakaa chumba cha nyuma, anapokea simu, anaandika. Mgeni anasema nataka chumba cha juu. Mwingine anataka cha chini. Mwingine anataka kinachotazama maji, na kisiwe karibu na ukumbi. Mimi naandika kwenye kisanduku cha kompyuta kinachoitwa Maombi ya Mgeni, kisha natoa sentensi niliyofundishwa siku ya kwanza: "Tumeandika ombi lako, tutajitahidi."

Anayepanga ni msimamizi wa vyumba. Sisi wafanyakazi tunamwita Jemedari. Ni mama mfupi, mpana, ana kalamu mbili zimechomekwa kwenye nywele. Kila asubuhi huchapisha orodha, husimama mbele ya ubao wa funguo, na kugawa vyumba kama anayegawa adhabu. Katika maombi thelathini hukubali sita. Sababu hatoi.

Simu ya mama mkwe iliingia Jumatatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sitaki kukusumbua."

Mtu akianza hivyo, shika kalamu.

"Hili goti tangu wanipasue halitaki ngazi. Hata moja. Kwa hiyo chumba kiwe chini."

"Kitakuwa chini, mama."

"Kisiwe karibu na jenereta. Usingizi wangu mwepesi, hata paka akikanyaga bati naamka."

"Hakitakuwa karibu na jenereta."

"Wala bwawa la kuogelea, watoto wanapiga mayowe. Wala muziki. Wala jiko, harufu ya vitunguu inanitia kichwa."

"Nimeandika vyote."

"Na shemeji yangu mpatie chake, lakini kisiwe ukuta kwa ukuta na changu. Yule anakoroma kama trekta lililokwama."

"Sawa, mama. Nitamweka mbali."

"Mbali tena? Goti likinikaza nani atanisaidia? Kiwe karibu, lakini kisiwe karibu. Kwani kuna tabu, mwanangu? Si wewe unayepanga?"

Pale ndipo ningesema kweli. Sentensi ya kazini ilikuwa ulimini, imeiva: tumeandika ombi lako, tutajitahidi. Nikaimeza.

"Hilo limekwisha, mama," nikasema. "Hesabu kwamba limekwisha."

Nikaviweka vyumba viwili kwenye oda moja, kwa jina la ukoo wao, maana mama huyu bado anatumia jina la marehemu mumewe, ambalo ndilo jina la shemeji yake. Nilitaka wasipotezane. Shikeni hapo.

Jumatano asubuhi nikaenda kwa Jemedari, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Jemedari, nina mgeni ana goti."

"Wiki hii kila mtu ana goti."

"Huyu amepasuliwa."

Akanigeuzia orodha. Wastaafu arobaini na wawili wa posta walikuwa na mkutano wao wa mwaka, na vyumba vyote vya chini vilikuwa vyao.

"Huyu hapa kawekewa chuma," akasema, akipitisha kalamu. "Huyu kiuno. Huyu haoni vizuri. Hayo ni magoti themanini na manne, kijana. La mgeni wako ni la themanini na tano. Atakaa jengo la tatu, juu."

"Jengo la tatu liko mgongoni mwa jenereta!"

"Basi umeme hautamkosa."

"Na vile vinne vya ukingoni mwa bustani?"

Akanitazama kama niliyemwomba figo. Vyumba vya ukingoni viko chini, havina ngazi, viko kimya, kila kimoja na baraza yake. Jiko liko mbali, bwawa liko mbali, jenereta hulisikii hata ukilitafuta kwa masikio yote mawili.

"Vile ni vya fungate. Unajua."

"Maharusi wasipokuja?"

"Vitakaa vitupu viwasubiri. Amri ya meneja. Toka, nina kazi."

Nikarudi kwenye kiti changu nikiwaka. Mimi si mtu wa kuinamisha kichwa. Mama wa watu amenipenda bila kuuliza nina nini, nami nimpandishe ngazi ishirini na mbili na goti la kushonwa? Na mkaguzi asimame chini akihesabu kila ngazi kwa sauti?

Nikafungua oda yao. Nikaandika neno moja: Fungate.

Naungama kwamba nilijua adhabu yake. Kuna makarani wa zamani walikuwa wakiandika neno hilo kwa ajili ya marafiki zao, mpaka siku moja maharusi wa kweli wakafika wakakosa pa kulala. Tangu hapo meneja alitoa tangazo, limebandikwa juu ya kompyuta yangu: atakayeandika fungate ya uongo ataondoka siku hiyohiyo. Nililisoma tangazo kwanza, ndipo nikaandika.

Lakini uongo haukuniangusha peke yake. Kilichoniangusha ni mahali nilipouandika. Kompyuta yetu ina kisanduku cha maombi cha kila chumba, na kisanduku kingine cha oda nzima. Ukiandika kwenye cha chumba, neno linahusu chumba kile tu. Ukiandika kwenye cha oda, linawafunika wote walio kwenye oda hiyo. Karani yeyote analijua hilo. Mimi nilikuwa natazama mlango, mkono ukiandika peke yake, na neno likaingia kwenye oda nzima.

Jumamosi asubuhi Jemedari alisoma orodha yake. Oda moja. Mwanamume mmoja, mwanamke mmoja, jina moja la ukoo, fungate, vyumba viwili. Akaona wazi kwamba karani mpya amekosea hesabu. Akawapa chumba kimoja cha ukingoni. Kile cha pili, cha jengo la tatu, akampa mgeni mwingine.

Mimi sikujua. Nilikuwa chumba cha nyuma, shati limenyooshwa, kitambulisho kinang'aa kifuani, nasubiri jibu la posa.

Adhuhuri nikasikia wahudumu wanaimba. Maharusi wakifika, wanne kati yao hutoka nje na makoja ya maua, wakipiga makofi na kuimba mpaka wageni wafike mezani penye keki. Nikatabasamu. Nikajisemea, kuna wenye bahati leo.

Nikatoka kuwaangalia.

Mama mkwe alikuwa katikati ya ua, mkongojo mkono mmoja, koja la maua shingoni. Pembeni yake mkaguzi wa shule, suti ya kijivu, naye koja shingoni, na mhudumu anamlazimisha kushika kisu cha keki.

"Bwana harusi, mshike mkono bibi harusi!"

"Hajazoea! Ana aibu!"

"Bibi harusi cheka kidogo, picha hii!"

Nyuma yao, mlangoni mwa gari aliloazima kwa muuguzi mwenzake, mchumba wangu alikuwa amesimama na mkoba wa mama yake. Alikuwa amekuja kuwaleta na kushinda nao tu, jioni arudi kwenye zamu yake hospitali. Alitazama koja, akatazama keki, mdomo wazi. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akaegemea gari.

"Mama! Wamekuozesha!"

Akaniona. "Wewe! Ndiyo mipango yako hii? Umempanga mama na baba mdogo?"

"Ni makosa ya mapokezi," nikasema. "Nayarekebisha sasa hivi."

"Usirekebishe kabla sijapiga picha!"

Basi nikashukuru. Nikaona ni kichekesho, kitapita. Sikuona kwamba kati ya watu wote waliokuwa uani, wawili hawakucheka.

Nikawatoa haraka kwenye zile kelele, nikawapitisha njia ya bustani hadi chumbani. Mchumba wangu akabaki mapokezi kuwaeleza kosa lao. Nilimwachia hilo kwa moyo mweupe kabisa.

Chumba kilikuwa kizuri, Mungu anisamehe. Kitanda kimoja kipana. Waridi zimepukutishwa juu ya shuka. Taulo mbili zimekunjwa zikawa ndege wawili wanaobusiana. Mama mkwe akakaa ukingoni mwa kitanda, akauweka mkongojo kando, akavua koja. Mkaguzi akafunga mlango.

"Nani kakwambia?" mama mkwe akauliza.

"Mama, ni kosa la..."

"Sikuulizi kosa. Nauliza nani kakwambia. Ni dada yangu?"

"Kuniambia nini, mama?"

"Usijifanye kondoo, kijana," mkaguzi akasema. "Uliandika lini neno hilo?"

"Jumatano."

Akamgeukia shemeji yake. "Umesikia? Jumanne tumeandikishwa ndoa kwa msajili. Jumatano yeye ameandika fungate. Siku moja! Mashahidi walikuwa wawili tu. Huyu kijana ana mtu."

Nikakaa. Hapakuwa na kiti, nikakaa kwenye sanduku lao.

"Ninyi ni..." nikaanza.

"Sasa unajifanya hujui," mkaguzi akasema.

Nawaambieni, wasomaji, katika maisha yangu nimesema uongo mwingi ukaaminika. Siku ile nikasema kweli.

"Nilitunga, baba mdogo. Naapa. Vyumba vya chini vilijaa, nikatafuta neno la kumpatia mama chumba kisicho na ngazi. Nikatunga."

Akaniangalia kwa miwani, akaniangalia juu ya miwani. "Katika maneno yote ya duniani, ukatunga hilo?"

Hata mimi, ningekuwa yeye, nisingeniamini.

Mama mkwe akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Mwanangu, sina ugomvi na wewe. Wewe umetaka kutufurahisha, umetupangia chumba kimoja, umetuletea na keki. Umefanya kwa mapenzi. Lakini binti yangu hajui."

"Hajui kabisa?"

"Miaka minne baba yake yuko kaburini, na kiti chake pale sebuleni hakijakaliwa. Binti alisema siku ya msiba, mbele ya watu: mwanamume atakayekaa kwenye kiti kile, siku hiyo yeye ameihama nyumba. Mke wa shemeji yangu alifariki, mimi niko peke yangu, yeye yuko peke yake. Tumezeeka, mwanangu. Tulitaka kumwambia kesho, akija tena kututazama. Tumpe furaha yake kwanza ya posa, ndipo tumpe na ya kwetu."

Machozi yalikuwa yamefika kwenye kope, hayajaanguka.

"Usimwambie. Mpaka kesho tu. Niahidi."

Ningefanya nini? Nikaahidi. Jambo ambalo robo saa iliyopita sikulijua, sasa nimeliapia.

Mlango ukabishwa. Kabla hatujajibu, ukafunguliwa.

Mchumba wangu aliingia bado ana kicheko usoni. Nyuma yake meneja, mrefu, tai imenyooka. Nyuma ya meneja Jemedari, mikono kifuani, kalamu zake mbili kichwani.

"Nimewaeleza," mchumba wangu akasema. "Nimewaambia mmemwozesha mama yangu na shemeji yake. Wakamwita meneja mwenyewe aje kuomba radhi. Heshima hiyo, mama!"

Meneja hakuwa na sura ya kuomba radhi. Alikuwa na karatasi.

"Kwa hiyo hawa si maharusi," akasema.

"Maharusi wapi! Ni shemeji yake!"

Meneja akanigeukia. "Oda umeandika wewe. Tangazo unalisoma kila siku. Nakuuliza mara moja: nani alikuambia kwamba wageni hawa wako kwenye fungate?"

"Nilijua tu," Jemedari akasema. "Goti."

Hakika kile chumba kina utulivu, hata nyuki wa barazani nilimsikia.

Nikisema mgeni mwenyewe aliniambia, kazi yangu imepona, na ahadi niliyompa mama dakika mbili zilizopita imekufa. Nikisema nilitunga, sina kazi, na mkaguzi aliuliza kazi kabla ya jina langu.

Mchumba wangu akaacha kucheka. Haikuwa kwa sababu ya meneja. Alikuwa anamtazama mama yake, ambaye alikuwa anaokota waridi moja moja kutoka kwenye shuka, macho chini. Akamtazama baba mdogo, ambaye alikuwa anafuta miwani iliyokwisha kufutwa.

"Mbona hamcheki?" akauliza.

Mama mkwe akaokota waridi nyingine.

"Mama?"

"Goti linaniuma, mwanangu."

Akanisogelea. Anajua sura yangu huyu. Mnakumbuka nilivyomficha mwezi mzima kwamba nimeachishwa kazi ile ya kwanza, nikawa natoka asubuhi na kukaa kituo cha mabasi mpaka jioni. Alipogundua aliniambia neno moja, na hakulirudia: "Ukinificha jambo mara ya pili, hutaniona mara ya tatu."

"Niangalie," akasema. "Kuna kitu unakijua kuhusu mama yangu ambacho mimi sikijui?"

"Hapana."

"Basi mjibu bosi wako. Mbele yangu. Nani alikuambia?"

Nikavuta pumzi.

"Hakuna aliyeniambia," nikamjibu meneja. "Nilitunga. Mama ana goti, vyumba vya chini vilijaa, nikaandika fungate ili apewe hiki. Nilijua ni kosa. Nililiandika hata hivyo."

Kila neno lilikuwa kweli. Nilijisikia mwepesi kama niliyetua gunia.

Meneja akaikunja karatasi. "Kitambulisho."

Nikakivua, nikamwekea kiganjani. Miezi miwili na siku kumi na moja ya kusema tutajitahidi, ikaishia pale.

Na hapo, jamani, mkono ukaingia ndani ya mkono wangu. Mkono wa mchumba wangu.

"Mjinga wewe," akasema polepole, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Umefukuzwa kazi kwa ajili ya goti la mama?"

"Lilikuwa halitaki ngazi."

"Kazi zipo. Utapata nyingine." Akanibana vidole. "Baba mdogo akikataa posa kwa hilo, nitamkatalia yeye."

Niacheni nisimame hapo kidogo. Sikuwa na kazi, sikuwa na jibu la posa, na sikuwahi kuwa tajiri vile. Mkubwa wa nchi angekuja kuniomba tubadilishane, ningemwambia apite.

Kisha nikasikia mkongojo ukigonga sakafu.

Mama mkwe alikuwa anasimama. Mkaguzi alinyoosha mkono kumzuia, mama akausukuma.

"Meneja, mrudishie kijana kitu chake."

"Mama, kaa," nikasema. "Goti."

"Nyamaza, mwanangu. Umenibeba vya kutosha."

"Mama, nakuomba. Nilitunga. Mwambie nilitunga."

"Mnamsikia?" Akawageukia wote, na machozi sasa yalikuwa yanateremka waziwazi. "Mnasikia mtoto wa watu anavyojiua kwa ajili yangu? Hakudanganya huyu. Mimi na huyu mzee tuliandikishwa ndoa Jumanne. Fungate ni yetu, ya halali. Kijana alijua, nikamwapisha asiseme, akakubali kufukuzwa kuliko kunitoa siri. Mimi siwezi kuubeba mzigo huo."

Meneja ni mtu wa taratibu. Akakunjua karatasi, akaitazama, akaikunja tena. Akakichomeka kitambulisho kwenye mfuko wa shati langu, akakipigapiga mara mbili. "Basi maombi yaliandikwa sawasawa," akasema. "Hongereni sana, mama. Hongera, mzee."

Jemedari, kwa mazoea ya kazi, akapiga kofi moja. La pili likamfia mikononi.

Mkono uliokuwa ndani ya mkono wangu ukatoka. Haukuchomoka kwa hasira. Ulitoka kidole kimoja kimoja.

Nilidhani atamgeukia mama yake. Hakumtazama hata. Alinitazama mimi.

"Nilikuuliza," akasema. "Nimekwambia niangalie, ukaniangalia, ukasema hapana."

"Sikujua. Wameniambia sasa hivi, humu ndani. Nilipoandika sikujua."

"Uliandika fungate bila kujua."

"Ndiyo."

"Kwa watu waliooana Jumanne hii."

"Ndiyo! Nilitunga!"

Nikatazama huku na huku nipate shahidi. Mama mkwe alikuwa ananitazama kwa huruma, kichwa upande, kama mzazi anayemsikiliza mwanawe akiongopa kwa upendo. Jemedari alikuwa anatikisa kichwa. Mkaguzi wa shule alikuwa amevaa miwani yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa anatabasamu.

"Kijana," akasema, akanishika bega, "nilikudhania maneno matupu. Nisamehe. Mtu anayeweza kufunga mdomo namna hii, mbele ya mkubwa wake, mbele ya mchumba wake, ni mtu. Tulikuja kukupa jibu la posa. Pokea. Tumekubali."

Jamani, maneno yale niliyaota miezi saba.

Mchumba wangu akauweka mkoba wa mama yake chini, taratibu, kwenye zile waridi zilizoanguka.

"Mmekubali?" akasema. "Basi aliyekubali ndiye aolewe naye."

Akatoka. Nilisikia viatu vyake kwenye changarawe ya bustani, havikimbii, havipunguzi mwendo. Nikataka kumfuata, lakini mkaguzi alikuwa bado amenishika bega, ananiita mwanangu, na mama mkwe alikuwa amekiegemea kifua changu akilia, goti haliwezi tena kumbeba. Ningemwachia, angeanguka.

Nikabaki nimemshika, kitambulisho kimenasa kati yetu. Huko mbali nikasikia mlango wa gari ukifungwa. Nikasubiri kusikia injini.